Kuishi na Mto Usiotabirika: Vidokezo kutoka Bura

Huku Bura, Kaunti ya Tana River, mto unaweza kufurika siku ambayo anga ni safi na jua linachoma. Mvua yenyewe ilinyesha siku kadhaa nyuma, mbali sana, Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mwaka mwingine maji hayaji kabisa. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 2023, El Niño ikaleta maji yaliyokata barabara ya Garissa na kuwahamisha watu vijijini. Anayengoja moyo utulie siku atakapojua kesho itakuwaje atangoja hadi kaburini. Mimi naamini utulivu una njia nyingine: kupanga maisha yako hivi kwamba huhitaji kuijua kesho ndipo ulale. Vidokezo hivi vinamfaa hata asiyewahi kuuona Mto Tana.

1. Usijilaumu kwa kukosa usingizi

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio la kuvutia. Watu walicheza mchezo wa kompyuta wa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka, na kila nyoka alipotokea walipigwa shoti ya umeme mkononi. Waliotaabika zaidi hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Taabu ilifika kilele pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu.

Kwa hiyo tumbo linalokaza mwezi wa Machi, mawingu yakija na kuondoka, si dalili ya imani haba. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyoumbwa. Ukilijua hilo unatua mzigo mmoja, ule wa aibu, na unabaki na ule wa mvua peke yake.

2. Jua kilichowapata waliokuwa na uhakika

Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kufadhili skimu ya umwagiliaji ya Bura. Mpango wa awali ulikuwa karibu hekta 6,700, na tangu 1981 familia zikaanza kuletwa kutoka pande nyingi za Kenya kuja kulima pamba. Maji yangevutwa kwa pampu za dizeli kutoka Nanigi. Gharama zikapanda, eneo likapunguzwa hadi hekta 2,500 hivi, pampu zikawa zinaharibika, na katika miaka ya 1990 unyunyizaji ukawa umeanguka. Hata mathenge, mti ulioletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, ukageuka kichaka kinachomeza malisho na mifereji. Kilimo kilifufuliwa miaka ya 2000, mahindi yakashika nafasi ya pamba, na mwaka 2013 ikaanza kazi ya mfereji wa kuleta maji bila pampu.

Sikumbushi haya ili kuwabeza wahandisi. Nayakumbusha kwa ajili ya mkulima anayejiona mjinga kwa sababu msimu umemtupa. Kama fedha zote hizo na wataalamu wote hao hawakuweza kuihakikisha kesho ya Bura, msimu wako ulioharibika hauthibitishi lolote juu ya akili yako. Nawaheshimu sana wale waliobaki pamba ilipokufa. Walifuga mbuzi, wakafungua vibanda, wakasomesha watoto.

3. Mfunge ngamia wako

Waislamu wa huku wanayajua mafundisho ya Mtume kwa yule bwana aliyemwacha ngamia bila kumfunga akidai anamtegemea Mungu: mfunge kwanza, kisha tegemea. Katika nchi ya wafugaji mafundisho hayo hayahitaji maelezo.

Jioni moja chukua karatasi, ukunje katikati. Upande mmoja andika yasiyo yako: mvua ya Aberdare, kina cha maji ya bwawa la Masinga huko juu ya mto, bei ya vitunguu sokoni. Upande wa pili andika yaliyo yako: mbegu, akiba ya chakula, kitambulisho na hati za nyumba ndani ya mfuko usioingia maji, mahali pa juu pa kuhamishia wazee na watoto. Upande wa kwanza uombee dua. Wa pili uanze kesho asubuhi.

Na tafadhali, kukubali majaliwa si kujitosa hatarini. Aprili 2024 boti ilipinduka ikivusha watu kwenye mafuriko kati ya Madogo na Garissa, na watu wakafa. Maji yakikata barabara, safari na ingoje.

4. Shamba juu, shamba chini

Hapa ndipo wenyeji wa Tana wana mengi ya kutufundisha, kuliko kitabu chochote cha kutuliza moyo nilichokisoma.

Wapokomo wamelima kando ya mto huu kwa vizazi vingi. Anayeweza huwa na shamba moja juu ya ukingo na jingine bondeni. Maji yakizidi, la juu linapona. Yakipungua, la bondeni linabaki na unyevu. Waorma nao huwaacha ng'ombe wachache wa maziwa karibu na nyumba, na kundi kubwa likaenda fora, mbali, pamoja na vijana. Wengine huwakabidhi jamaa sehemu ya mifugo, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja usichukue wote. Hakuna ajuaye upande upi utapigwa mwaka huu, na mpango wenyewe haumtaki mtu ajue.

Sasa itazame riziki yako. Ikiwa yote inategemea mvua moja, mnunuzi mmoja au kibarua kimoja, hofu yako ina sababu, na kuvuta pumzi taratibu hakutaiondoa. Ongeza chanzo cha pili, hata kidogo: kuku, kibanda, hisa za chama. Mathenge yenyewe inayolaaniwa kila siku ina maua yanayowafaa nyuki, na maganda yake yakisagwa hulisha mifugo. Aliyeweka mizinga amepata kitu kutoka kwa adui.

5. Chagua sauti mbili za kusikiliza

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kaunti kila mwezi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu. Mabwawa ya juu yakikaribia kujaa, tahadhari hutolewa kwa wanaoishi chini ya mto. Sikiliza hizo, hudhuria baraza la chifu, kisha zima simu. Sauti za WhatsApp zinazosambazwa saa sita usiku zikidai bwawa limepasuka hazijawahi kumwokoa mtu, lakini zimewaamsha watoto wengi.

6. Aliyepoteza, mwache alie

Kuna watu husema "ni mapenzi ya Mungu" haraka mno. Mfugaji aliyesimama juu ya mizoga ya ng'ombe wake mwaka 2022 hakuwa amepoteza mali tu. Alipoteza maziwa ya watoto, mahari ya kijana wake, na majina, kwa maana kila ng'ombe alikuwa na jina. Mpe pole, keti naye, msaidie kazi ya siku hiyo. Akitaka kukutajia ng'ombe wake mmoja mmoja, msikilize mpaka amalize. Kukubali kutakuja kwa wakati wake, na kwake yeye mwenyewe. Ukimsukuma, utamfundisha kunyamaza tu.

Hili linakuhusu na wewe pia. Ulie kwanza.

7. Jenga ujirani wakati wa maji

Mkulima anaihitaji ardhi ya ukingoni, mfugaji anaihitaji malka, ile njia ya kupeleka mifugo mtoni. Mwaka mzuri jambo hilo humalizwa kwa maneno. Mwaka mbaya linaweza kumwaga damu: mapigano ya Delta ya Tana ya mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 yaliua watu zaidi ya 100, wanawake na watoto miongoni mwao. Siasa ilikuwamo, sikatai, lakini hofu ya kukosa maji na malisho ilikuwa kuni zilizokwisha kukauka.

Hofu ya kesho hupungua sana mtu akijua ni nani atampokea. Kwa hiyo kabla ya kiangazi zungumzeni: malka ipite wapi, mifugo ishuke saa ngapi, ikila mahindi fidia iamuliwe na wazee gani. Pelekeaneni maziwa na ndizi. Na kama bado huna namba ya simu ya huyo mfugaji, au ya huyo mkulima, mwombe wiki hii, mto ukiwa bado una maji ya kuwatosha nyote wawili.