MALTA: KISIWA KILICHOAMUA UBISHI WETU

Wahenga walinena, kutembea kwingi ni kuona mengi. Nauli ya ndege hatuna, ila kalamu tunayo, kwa hivyo hebu tufunge safari hadi Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania kilichoko kusini mwa Sisili na kaskazini mwa Libya.

Mtauliza, kwani Malta kuna nini? Jibu ni kwamba chamani kwetu kulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Kiswahili ni Kiarabu tu kilichovishwa kanga!" Wengine walicheka, wengine walikasirika, lakini hakuna aliyemjibu ipasavyo. Malta itatusaidia kumjibu.

1. Bandarini

Malta ni nchi ndogo. Visiwa vyake vyote vikijumlishwa ni kilomita mraba 316 tu, na hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha wakazi zaidi ya 519,000. Mji mkuu, Valletta, ulianza kujengwa mwaka 1566 na Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, mwaka mmoja baada ya kuzingirwa na jeshi la Waturuki. Umekaa juu ya rasi, huku bandari na huku bandari. Katika Vita vya Pili vya Dunia kisiwa kilikaribia kufa njaa. Tarehe 15 Agosti 1942 meli ya mafuta iitwayo Ohio ilikokotwa hadi bandarini ikiwa karibu kuzama, imefungwa katikati ya manowari mbili kama mgonjwa anayeshikwa makwapani.

Kusini-mashariki kuna mji wa wavuvi, Marsaxlokk (x husomwa sh). Jumapili huwa na soko la samaki. Mashua zao, luzzu, hupakwa rangi ya buluu, manjano na nyekundu, na kwenye omo huchorwa macho mawili. Je, hamkumbuki majahazi ya Lamu? Nayo huwekwa macho omoni! Tena neno marsa, yaani bandari, limo katika kamusi zetu kwa maana hiyo hiyo: mahali pa kutia nanga.

2. Ufuoni

Sehemu kubwa ya pwani ya Malta ni miamba. Mchanga ni wa kutafuta. Ufuo mkubwa wa mchanga ni Għadira, karibu na Mellieħa. Katika kisiwa cha pili, Gozo, kinachofikiwa kwa feri, kuna Ramla l-Ħamra, yaani mchanga mwekundu, na kweli mchanga wake umeiva rangi ya machungwa. Ramla hiyo ni jamaa ya ramli yetu, kwani asili ya kupiga ramli ni kuchora alama mchangani.

Mtoto wa Mombasa akifika huko atashangaa jambo moja. Kwetu maji hupwa na kujaa, na tofauti yaweza kupita mita 3. Malta tofauti hiyo hata futi moja haifiki, kwa sababu Mediterania imefungwa karibu pande zote, na mlango wake wa Gibraltar ni mwembamba mno. Asubuhi utaoga hapo, jioni utaoga papo hapo.

3. Mkahawani

Ukiingia mkahawani utasikia, "Merħba!" Usidhani kuna aliyempa shikamoo! Huko maana yake ni karibu, lakini marahaba yetu na merħba yao zilizaliwa nyumba moja.

Chakula kinachopendwa sana ni sungura aliyepikwa kwa divai na vitunguu saumu. Kuanzia Agosti hadi Desemba kuna samaki aitwaye lampuki, ambaye hata wavuvi wa Watamu humpata. Wavuvi wa Malta humtega kwa akili: huelekeza baharini maboya yaliyofunikwa makuti ya mtende, samaki hukusanyika chini kutafuta kivuli, kisha huzungushiwa wavu. Mwenye pesa kidogo hula ħobż biż-żejt, mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Żejt ni mafuta, nanyi zeituni mnaijua. Wakati wa kuagana mtu husema, "Saħħa!" Ndiyo siha yetu, afya.

4. Hukumu ya ubishi

Sasa ndugu yetu mbishi atapiga makofi: "Si niliwaambia?" Polepole, bwana. Hebu tuhesabu.

Kimalta: wieħed, tnejn, tlieta, erbgħa, ħamsa, sitta, sebgħa, tmienja, disgħa, għaxra. Zote kumi ni za ukoo wa Kiarabu. Kiswahili: ni sita, saba na tisa tu zilizoazimwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu.

Tutazame wingi pia. Mmalta husema ktieb, na vikiwa vingi, kotba. Sultan wakiwa wengi ni slaten. Neno hubadilika tumboni, kama ilivyo desturi ya Kiarabu. Sisi twasema kitabu, vitabu, sultani, masultani. Tumelipokea neno la mgeni tukalivika viambishi vyetu.

Basi Kimalta ni mtoto wa Kiarabu, kilichofika na watawala Waarabu baada ya mwaka 870, kisha kikaazima mno kwa Waitaliano: asante ni grazzi. Kiswahili ni mtoto wa Kibantu kilichoazima kwa Waarabu. Mtu akiazima kanzu ya jirani hageuki kuwa mtoto wa jirani.

Funzo

Kimalta kilidharauliwa muda mrefu. Wakubwa walipenda Kiitaliano. Kilifanywa lugha rasmi mwaka 1934, na mwaka 2004 kikaingia katika lugha rasmi za Umoja wa Ulaya, ingawa wasemaji wake hawajazi hata jiji la Mombasa. Sisi Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, na bado kuna wanaoona haya kukisema bwenini! Wamalta walikilinda chao kwa kukitumia sokoni, mashuani na mezani. Sisi je?

Zoezi

(a) Taja maneno matano ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu, uyaandike katika wingi. Viambishi ulivyotumia ni vya nani?
(b) Eleza kwa nini maji hayapwi sana Malta.
(c) Jadili: "Kuazima maneno ni udhaifu wa lugha."