Kilima cha Rabai: Kimbilio la Watu Nyuma ya Mombasa

Mtu asimamapo Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu ambao ni mmoja wa Thenashara Taifa za Mombasa, na kuelekeza uso wake bara, huona vilima vikiinuka nyuma ya mikoko. Huko ndiko Rabai. Zamani, kabla ya reli na barabara, msafiri atokaye kisiwani alipanda mashua, akangoja maji yajae, akapita mkono wa bahari kwa upande wa Jomvu mpaka mahali maji yanapokoma. Kisha akapanda kilima kwa miguu.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Rabai ni mahali pa Dr. Krapf. Ni kweli. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akazika mkewe na mtoto wake. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai Mpya. Kutoka huko Rebmann alisafiri, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake, jambo ambalo mabingwa wa Ulaya walikataa kulisadiki. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, hata akapofuka macho.

Lakini kilima hiki hakikungoja wageni ndipo kipate heshima. Warabai, kama Wamijikenda wenzao, walijenga kaya yao juu, ndani ya msitu, ili wajilinde na adui zao, hasa Wagala. Tangu mwanzo, basi, kilima hiki kilikuwa mahali pa kukimbilia. Maneno haya yatatufaa katika habari inayofuata, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote za Rabai, nayo husimuliwa kwa uchache mno.

Mwaka 1864 walifika Rabai Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakalelewa na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Mmoja wao alikuwa William Jones, Myao kwa kabila, mhunzi kwa kazi. Mwaka 1885 alipewa daraja ya ushemasi na Askofu Hannington, akafuatana naye katika safari ya Uganda. Askofu aliuawa Busoga mwaka ule ule. Jones ndiye aliyewakusanya wapagazi waliosalia na kuwarudisha Rabai mwezi wa Februari 1886. Kanisa la mawe la Mtakatifu Paulo lilijengwa mwaka 1887.

Katika miaka ile watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wakitoroka na kupanda vilima. Wakuu wa misheni walikuwa wamekataza watoro wasipokewe, kwa kuwaogopa mabwana wa watumwa na kwa kuheshimu sheria ya Sultani. Hata hivyo watoro walizidi kuja, wakajenga vibanda, wakalima. Mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe angewezaje kumfukuza mtumwa mlangoni pake?

Mwaka 1888 mambo yalifika ukingoni. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imepata kwa Sultani wa Unguja haki ya kutawala pwani, na mkuu wake, George Mackenzie, alipofika Mombasa mwezi wa Oktoba aliwakuta wenye watumwa wamekasirika, wakitishia kuzishambulia misheni. Watoro walipohesabiwa katika vituo vya misheni, walipatikana zaidi ya 1,400, wengi wao Rabai. Ikapatanwa kwamba mabwana walipwe riale 25 kwa kila mtu, na tarehe 1 Januari 1889 watu wakapewa hati zao za uhuru pale pale kilimani.

Hapana shaka fedha zile ziliepusha damu. Lakini msomaji na aangalie: aliyelipwa ni bwana. Mtumwa aliyemlimia miaka mingi hakupata hata riale moja ila karatasi yake, na maelfu waliobaki mashambani hawakupata hata karatasi. Utumwa katika pwani ya Kenya haukuondolewa na sheria mpaka mwaka 1907.

Kanisa la mwaka 1887 lingali linasimama, na nyumba za Krapf na Rebmann zipo karibu nalo. Makumbusho yalifunguliwa hapo mwaka 1994 kwa jina la Krapf. Misitu ya kaya za Rabai nayo iliingizwa mwaka 2008, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Atakaye kwenda hahitaji tena kungoja maji yajae Jomvu. Barabara itokayo Mazeras kwenda Kaloleni hupita hapo. Akiisha kuonyeshwa mambo ya Krapf, na aulize pia habari za Jones.