Picha za Kale Zisipakwe Rangi Mpya

Yuko mtu aharibuye kwa chuki, na yuko aharibuye kwa mapenzi. Huyu wa pili ndiye tumwogopaye zaidi tukizungumza habari za picha takatifu za kale.

Tuutazame mji wa Cusco, katika milima ya Peru. Hispania ilipoitawala nchi ile, wenyeji walifundishwa kuchora picha za Bwana wetu, za Bikira Maria na za Watakatifu. Mwaka 1688 wachoraji wenyeji wakajitenga na chama cha mafundi walichokuwamo pamoja na Wahispania, wakafuata njia yao. Katika kanisa kuu la Cusco imo Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18. Katikati ya meza ya Bwana amewekwa simbilisi aliyeokwa, kitoweo cha heshima cha watu wa milima ile. Anayecheka na acheke. Sisi twamwona mtu aliyemkaribisha Mwokozi nyumbani kwake.

Maadui wa picha hizi ni wengi: moshi wa mishumaa, unyevu, wadudu, matetemeko ya nchi kama lile la mwaka 1950, na wezi wakatao turubai kwa kisu. Lakini yuko pia mcha Mungu aonaye uso wa Mtakatifu umefifia, akatwaa rangi mpya akaupaka. Nia yake ni njema, ila uso wa kale umekwisha kufunikwa. Fundi wa kweli huondoa masizi na vanishi iliyogeuka manjano kidogo kidogo, kwa pamba na dawa aliyoijaribu kwanza pembeni. Kisha hutia rangi mahali palipobanduka tu, tena rangi iwezayo kuondolewa na fundi ajaye. Kwa hiyo mwenye picha ya kale iliyoingia weusi, ya kanisani au ya nyumbani, asiisugue kwa maji na sabuni.

Je, uangalifu wote huo ni wa nini? Katika kanisa la Andahuaylillas, si mbali na Cusco, juu ya mlango wa mahali pa ubatizo, yamechorwa maneno ya Ubatizo kwa lugha tano: Kilatini, Kihispania, Kikechua, Kiaimara na Kipukina. Kipukina hakisemwi tena na mtu ye yote duniani. Ndoo moja ya chokaa ingalitosha kuyafuta maneno yale.