Mtu wa Katikati: Bwana Shamba wa Usambara na Mwenzake wa Kompyuta

Kila ufundi mpya una wanaoubuni na wanaoutumia, na aghalabu watu hao hawakutani. Katika kilimo, anayekwenda na kurudi baina yao ni bwana shamba au bibi shamba, ambaye siku hizi huitwa afisa ugani. Katika fani ya kompyuta, kampuni huajiri watu wa kuwafundisha waunda programu walio nje ya kampuni namna ya kutumia vyombo vyake, na kuyapeleka malalamiko yao kwa mafundi waliovitengeneza. Kazi hii ya pili ni changa. Ile ya kwanza ni kongwe, na Milima ya Usambara, wilayani Lushoto, imeiona ikishindwa na imeiona ikifaulu.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa hadi sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walitakiwa walime kwa matuta yanayokingama mteremko. Kisayansi shauri hilo halikuwa la kipuuzi. Mvua inyeshapo juu ya mteremko mtupu, maji huongeza kasi kadiri yanavyoshuka, na huchukua udongo wa juu wenye rutuba. Tuta huyapunguzia maji kasi na kuyapa nafasi ya kuzama ardhini. Lakini ni lazima tuta lifuate usawa. Likiinama upande mmoja, maji yote hukimbilia hapo, hulipasua, na kuchimba korongo mahali ambapo hapakuwa na korongo.

Walioshika jembe wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa mashamba ya chakula yalikuwa mikononi mwao na wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi za mshahara kwingineko. Matuta yaliwaongezea kazi nyingi. Waliokuja na maagizo hawakuwa na jibu la swali jepesi: saa hizo za kulima zitatoka wapi? Asiyelima matuta alitozwa faini, na wako waliofungwa. Upinzani ukakua, ukaungana na harakati za kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mtu wa katikati alikuwapo, tena aliujua udongo. Lakini alitumwa kusema tu, na hakuna aliyemwuliza alichokisikia mashambani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi. Safu za majani ya Guatemala zilipandwa kwa kufuata kontua, pamoja na miti. Mizizi yake hushika udongo. Majani hukatwa yakalishwa ng'ombe wa maziwa wafugwao zizini, na samadi hurudishwa shambani. Mkulima aliweza kupata maziwa muda mrefu kabla ya kuuona udongo uliookolewa, na hiyo ni hoja ambayo faini haiwezi kuishinda. Hata hivyo si kila shamba lilipata safu hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu Usambara Magharibi ulionyesha kwamba kukutana na maafisa ugani, na kuwamo katika vikundi vya wakulima, huongeza uwezekano wa mtu kuhifadhi udongo wake. Mashaka ya umiliki wa ardhi na kukosa faida ya upesi huupunguza. Bwana shamba hodari hawezi kwa maneno yake kumpa mtu hakika ya shamba aliloliazima.

Mwenzake wa kompyuta yumo katika mtego wa namna hiyohiyo. Kampuni ya Apple ilipokuwa ikitayarisha mashine ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984, iliajiri watu wa kuwashawishi waunda programu waiandikie programu. Safaricom ya Kenya ilipowafungulia waunda programu njia ya kuunganisha kazi zao na M-Pesa, iliiita njia hiyo Daraja, jina lililochaguliwa vema. Lakini anayesimama darajani hulipwa na upande mmoja na hutakiwa aaminiwe na upande wa pili. Tena matunda ya kazi yake ni magumu kuhesabiwa. Ni rahisi kuhesabu mikutano na waliohudhuria. Ni vigumu kuhesabu kosa lililosahihishwa kwa sababu mtu mmoja alisikiliza. Kampuni nyingi za kompyuta zilipopunguza wafanyakazi mwaka 2022 na 2023, watu wa kazi hii walikuwa miongoni mwa walioachishwa.

Walimu waweza kulileta jambo hili shuleni kwa fito tatu. Mbili, zenye urefu sawa, hufungwa pamoja juu na kuachana chini, na ya tatu hukingamishwa katikati, ili kufanya fremu yenye umbo la herufi A. Uzi wenye jiwe hufungwa kileleni. Fremu ikisimama mahali pa usawa, uzi hupita katikati kabisa ya ufito wa kukingama. Alama hutiwa hapo. Kwa kuisogeza mguu baada ya mguu, wanafunzi wataweza kupiga mstari wa kontua juu ya mteremko wowote.

Kisha waende kwenye shamba la jirani lenye safu za majani, kwa idhini ya mwenyewe, na kuzipima. Pale ambapo safu imeuacha mstari wa fremu, wamwulize mkulima sababu: huenda ni mwamba, huenda ni mpaka na jirani, huenda ni njia ya ng'ombe. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, na nakala apelekewe afisa ugani wa kata.