Somo kwa Halmashauri za Vyama: Viwango vya Hesabu vya Kimataifa na vya Marekani

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mjumbe wa Halmashauri kuelewa kwa nini biashara ile ile, katika mwaka ule ule, yaweza kuonyesha ziada mbili zilizo mbalimbali pasipo mtu yeyote kuiba hata senti moja. Jambo hili si la wahasibu peke yao. Ziada ndiyo igawanywayo na Mkutano Mkuu, na kilichokwisha kugawanywa hakirudi.

Chimbuko la viwango

Mwaka 1973 viliundwa vyombo viwili. Mjini London iliundwa Kamati ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu, ambayo mwaka 2001 ilirithiwa na Bodi. Huko Marekani iliundwa Bodi ya Viwango vya Uhasibu wa Fedha, ambayo makao yake yako Norwalk, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 2002 bodi hizo zilipatana kupunguza tofauti zao. Nyingi zimepungua, lakini si zote zilizokwisha. Kenya ilianza kufuata viwango vya kimataifa mwaka 1999, na Tanzania tarehe 1 Julai 2004.

Tofauti ya kwanza: mali iliyomo bohari

Tuseme chama kimenunua mifuko 100 ya mbolea kwa shilingi 60,000 kila mfuko, kisha mifuko mingine 100 kwa shilingi 80,000. Kimeuza mifuko 100 kwa shilingi 90,000 kila mmoja, na kupata shilingi 9,000,000. Je, iliyouzwa ni ipi?

Ikihesabiwa kwamba iliyotangulia kuingia ndiyo iliyotangulia kutoka, gharama ni shilingi 6,000,000 na faida ni shilingi 3,000,000. Ikihesabiwa kwamba iliyoingia mwisho ndiyo iliyotoka kwanza, gharama ni shilingi 8,000,000 na faida ni shilingi 1,000,000 tu. Marekani huruhusu njia zote mbili. Viwango vya kimataifa vimeikataza hiyo ya pili tangu mwaka 2005. Huruhusu ile ya kwanza, au kutumia wastani wa bei.

Hapa wajumbe wawe macho. Chama kikigawa faida yote ya shilingi 3,000,000, fedha zinazosalia ni shilingi 6,000,000. Kwa bei mpya fedha hizo zitanunua mifuko 75 badala ya 100. Hesabu ni sahihi na mkaguzi ameridhika, lakini bohari limepungua robo ya mbolea iliyouzwa. Kwa hiyo, bei zinapopanda, ni busara Mkutano Mkuu uweke sehemu ya ziada katika akiba kabla ya kugawa kilichobaki.

Tofauti ya pili: majengo na mazao shambani

Viwango vya kimataifa humpa mwenye hesabu hiari: ardhi na majengo yaweza kuandikwa kwa gharama ya kununulia, au kuthaminiwa upya mara kwa mara. Marekani hushikilia gharama ya kununulia. Ghala la zamani laweza basi kuonekana dogo katika mizania ya Marekani, na kubwa katika ile ya kimataifa.

Kuhusu kilimo, viwango vya kimataifa hutaka kahawa iliyo bado mtini ithaminiwe kwa bei ya soko, baada ya kutoa gharama za kuuza. Mbuni wenyewe, tangu mwaka 2016, huhesabiwa kama mtambo wa kiwandani. Marekani mazao yanayokua huandikwa kwa kawaida kwa gharama iliyotumika. Chama chenye shamba lake kikumbuke kwamba ongezeko la thamani ya kahawa iliyo mtini si fedha taslimu.

Tofauti ya tatu: hisa za wanachama

Mwaka 2004 ulitolewa ufafanuzi wa kimataifa uhusuo vyama vya ushirika. Ikiwa mwanachama aweza kudai kurudishiwa hisa zake, nacho chama hakina haki ya kukataa, hisa hizo ni deni, si mtaji. Zitakuwa mtaji ikiwa chama kina haki isiyo na masharti ya kukataa, au ikiwa sheria au masharti ya chama yanakataza kabisa kuzirudisha. Marekani, kwa kawaida, hisa huwa deni pale tu ambapo kurudishwa kwake ni lazima, kwa tarehe iliyowekwa au kwa tukio lisiloepukika.

Kifungu kimoja cha masharti chaweza hivyo kuhamisha mtaji wote wa chama upande wa madeni. Benki isomapo mizania ya namna hiyo, yaweza kuona chama kisicho na nguvu na kukinyima mkopo wa msimu.

Hitimisho

Kabla ya kulinganisha ziada za vyama viwili, au kufurahia ziada ya chama chake mwenyewe, mjumbe aulize: hesabu hizi zimefuata viwango vipi? Jibu limo katika maelezo yaambatanayo na hesabu, kurasa ambazo wengi huziruka.

Maswali ya kujadili

1. Bohari la chama chenu huhesabiwa kwa njia ipi?
2. Masharti ya chama chenu yanasemaje juu ya kurudisha hisa?
3. Katika mfano wa mbolea, ni kiasi gani cha faida kingefaa kuwekwa akiba, na kwa nini?