Kuipa Picha Rangi ya Hudhurungi Ili Idumu

Joto na unyevu wa Kisiwa cha Mombasa ni adui wa picha nyeusi na nyeupe. Picha hiyo imefanyizwa kwa chembe za fedha, nazo hufifia katika hewa mbaya, kama bangili ya fedha inavyosawijika. Dawa yake ni kuiunganisha fedha hiyo na kiberiti, isidhurike upesi.

Kwanza, picha huoshwa kwa maji yapitayo muda wa saa moja, kwani hipo ikisalia huleta madoa. Pili, hutiwa katika maji ya potasiamu ferisianidi na potasiamu bromaidi, ikafifia. Mtu asitishike, picha haikupotea. Tatu, huoshwa mpaka umanjano utoke, kisha hutiwa katika sodiamu salfaidi. Papo hapo hurudi, ikiwa ya hudhurungi. Mwisho huoshwa tena vizuri.

Karatasi ambayo weusi wake huelekea kahawia ina chembe ndogo zaidi, na hubadilika upesi. Yafaa kujaribu kipande kwanza.

Kazi hii haihitaji giza. Salfaidi hunuka kama yai viza, na hewa yake ni sumu. Basi ifanywe uani, na dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi.

Familia za Mji wa Kale zenye picha moja tu ya babu au ya arusi, kama zile za Studio ya Parekh ya miaka ya 1950 na 1960, zisiitie dawa picha hiyo. Ipigwe picha, ichapwe nakala, na nakala ndiyo itiwe dawa.