SOMO: MWAMI AKIFA UKIMBIZINI, KITI CHAKE KINAKWISHA?



Katika ziara zetu tunaulizwa mara nyingi swali hili: "Mwami wetu amefariki, mrithi yuko mbali, na kijiji kimebaki tupu. Je, utawala wetu wa mila umekwisha?" Swali hili si la wazee peke yao. Chifu na wazee wake ndio wanaojua mpaka wa shamba lako. Siku ya kurudi, anayekaa katika kiti ndiye atakayesema shamba hili ni la nani. Kama kiti kinagombaniwa na watu wawili, kila mmoja atatoa shamba lilelile kwa watu wake, na vita vitaanza upya. Kwa hiyo tujifunze pamoja.

1. Mambo matatu tusiyachanganye

La kwanza ni ukoo: watoto, ndugu na wajukuu wa mwami. La pili ni kiti: jina la utawala, mila zake, na wazee wanaozilinda. Huko Bushi wazee hao huitwa bajinji. La tatu ni kazi ya utawala: kuongoza sheferi au grupema mbele ya Serikali.

Haya matatu hutembea pamoja, lakini hayafi pamoja. Mtoto anaweza kukosekana, na kiti kikapewa ndugu. Kazi inaweza kuondolewa na Serikali, na watu wakaendelea kumheshimu mwenye kiti.

Sheria ya nchi yetu inasema nini? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila. Mamlaka hiyo inarithiwa kwa kufuata mila ya mahali, mradi mila hiyo isipingane na Katiba, sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Kifungu hichohicho kinawapa machifu wajibu wa kujenga umoja wa taifa. Sheria ya mwaka 2008 juu ya maeneo yenye kujitawala inasema kiongozi wa sheferi anateuliwa na mila, kisha anatambuliwa na kusimikwa na Serikali. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 ndiyo inayopanga hali ya machifu wa mila. Kwa kifupi: mila inachagua, Serikali inatambua. Mwenye barua ya Serikali bila wazee hajakamilika, na mwenye wazee bila kutambuliwa hajakamilika vilevile.

2. Bunkeya: watu walihama, kiti kikahama nao

Huko Katanga, M'siri, aliyetoka Usumbwa katika magharibi ya Tanzania ya leo, alianzisha utawala wa Bayeke, na makao yake yalikuwa Bunkeya. Alitawala watu wengi kwa nguvu, na wengine walimwasi. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili. Ufalme wake mkubwa ulivunjika, na Bunkeya ikaachwa.

Je, kiti kilikufa? Hapana. Mwanawe Mukanda Bantu alikirithi, na Bayeke wakahamia karibu na kituo cha wazungu cha Lufoi. Walikaa nje karibu miaka 20, kisha wakarudi Bunkeya chini ya mrithi wake, Kitanika. Miaka mingi baadaye kiti kilimfikia Godefroid Munongo, mjukuu wa M'siri, aliyefariki mwaka 1992 akiwa mwami.

Tunajifunza nini? Eneo lilipungua na nguvu zilipungua, lakini watu walikubaliana nani ni mrithi hata wakiwa mbali na nyumbani. Makubaliano hayo ndiyo yaliyowarudisha wakiwa watu wamoja.

3. Kabare: kuondolewa si kukwisha

Mwaka 1936 wakoloni Wabelgiji walimwondoa Mwami Alexandre Rugemaninzi wa Kabare, wakampeleka Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Waliweka mwingine mahali pake. Lakini barua ya mkoloni haikutosha kubadili mioyo ya watu. Mwami alirudi wakati wa uhuru, na baadaye mwanawe Désiré akarithi.

Kwa hiyo msiseme haraka kwamba mwami aliye mbali "amekwisha". Na yeyote anayetaka kuchukua kiti kwa sababu mwenyewe hayupo, ajue kwamba asiyekuwepo leo anaweza kurudi kesho.

4. Uganda: viti viwili, njia mbili

Kwa majirani zetu wa Uganda, katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote. Kabaka Mutesa wa Pili wa Buganda alikuwa tayari ukimbizini Uingereza, akafia London mwaka 1969. Watu wake hawakusahau. Mwaka 1993 Serikali iliruhusu falme kurudi, na tarehe 31 Julai mwaka huohuo mwanawe Ronald Mutebi alisimikwa.

Huko Ankole mambo yalikuwa tofauti. Mrithi alikuwepo: John Barigye, mtoto wa mfalme wa mwisho. Alisimikwa Novemba 1993, lakini Serikali haikumtambua. Alifariki mwaka 2011 bila kutambuliwa. Sababu kubwa ni kwamba watu wa Ankole wenyewe hawakuwa na sauti moja. Wengi waliukumbuka ufalme ule kama utawala wa Bahima juu ya Bairu, na hawakutaka urudi.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Buganda ilikuwa na mrithi na makubaliano. Ankole ilikuwa na mrithi bila makubaliano. Kiti hakifi kwa kukosa mtoto, kwa maana ndugu anaweza kuchaguliwa. Kinakufa pale watu wanapoacha kukiona kuwa ni chao wote.

5. Tufanye nini tukiwa bado ukimbizini?

- Wazee wanaojua mila ya urithi wafahamike. Andikeni majina yao na mahali walipo, maana mzee akifa kambini, anakwenda na ushahidi wake.
- Kama mrithi ni mtoto mdogo au yuko mbali, wazee wakubaliane juu ya mwangalizi wa kiti. Waseme wazi kwamba anashika kwa muda, na muda huo unakwisha lini.
- Wamama wasikilizwe. Mjane na mama wa mrithi mara nyingi wanajua yaliyosemwa nyumbani kuliko wote.
- Makabila mengine yanayoishi katika eneo lenu yaitwe kwenye kikao. Hayachagui mwami wenu, lakini yatatawaliwa naye.
- Kila kikao kiwe na kumbukumbu iliyoandikwa (PV), yenye saini za pande zote, na nakala ifike kwa msimamizi wa teritwari.
- Mtu asilete bunduki katika jambo la kiti. Anayesimikwa na kundi la silaha atakuwa na deni kwa kundi hilo, na deni hilo litalipwa kwa mashamba yenu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mila yenu, nani anamtaja mrithi? Wangapi kati yao wako hai, na wako wapi?
2. Je, majirani wa kabila lingine wanasema nini juu ya kiti chenu? Mmewahi kuwauliza?
3. Kama mngerudi kesho, nani angeonyesha mipaka ya mashamba, na wote wangemwamini?

Ndugu zetu, nyumba zimeungua na mifugo imechukuliwa. Makubaliano yetu tusiyaache yapotee pia. Tukirudi na mrithi mmoja tunayemjua wote, tutarudi kulima.